Kutoka hamira hadi papa: mwongozo kamili wa kujenga modeli ya idadi ya viumbe kwa jicho la mwanafizikia

Mwanafizikia akisimama mbele ya bwawa la samaki huuliza mambo machache sana: wako wangapi, wanazaliwa wangapi, wanakufa wangapi, na nini kitawazuia kulijaza bwawa lote. Mwanabaiolojia atamlaumu kwamba ameacha mengi, na ni kweli ameacha. Ufundi wenyewe uko hapo: kuacha kwa makusudi, kukumbuka ulichokiacha, na kukubali pale namba zinapokukatalia.

Mwongozo huu unakupitisha kwenye kazi hiyo mwanzo hadi mwisho. Unahitaji karatasi, kikokotoo au jedwali la Excel, na hesabu za sekondari. Ukijua maana ya logi asilia (ln) na kasi ya mabadiliko, unatosha. Fanya hesabu kwa mkono wako. Kusoma tu hakutakufundisha.

Hatua ya 1: Andika swali moja lenye kipimo

"Nataka kuelewa ikolojia ya ziwa" si swali. "Tukivua tani kadhaa kila mwaka, samaki watabaki au watakwisha?" ni swali, kwa sababu jibu lake lina namba, lina muda, na linaweza kuwa si sahihi. Andika kitu utakachohesabu (vichwa, kilo, chembe kwa mililita) na kipimo cha muda (saa, mwaka, kizazi). Modeli nyingi zinaharibika hapa kabla hata mlinganyo haujaandikwa.

Hatua ya 2: Fungua daftari la mapato na matumizi

Idadi ya viumbe inabadilika kwa njia nne tu: kuzaliwa, kufa, kuingia kutoka nje, na kutoka kwenda nje. Hakuna ya tano. Ni hesabu ileile anayoifanya mwanafizikia akifuatilia joto au maji ndani ya bomba: kilichoongezeka ni kilichoingia kutoa kilichotoka. Andika njia zote nne, kisha kwa kila unayoifuta andika pembeni kwa nini. Chupa iliyofungwa haina wageni, kwa hiyo futa kuingia na kutoka. Karatasi hiyo itunze, utairudia.

Hatua ya 3: Anza na modeli unayojua haitadumu

Kama kila kiumbe kinaongeza wenzake kwa kasi ileile r, basi dN/dt = rN, ambapo N ni idadi ya viumbe na dN/dt ni kasi ya idadi hiyo kubadilika. Idadi inajirudia maradufu kila baada ya muda wa 0.693/r. Hakuna kiumbe kinachoweza kuendelea hivyo milele, lakini usiiruke hatua hii. Mlinganyo huu kwa mwanaikolojia ni kama mwendo usio na msuguano kwa mwanafizikia: hali tupu ambayo kila kinachotokea nje yake kinadai maelezo.

Hatua ya 4: Weka breki, kisha ipime

Mwaka 1838 Mbelgiji Pierre-François Verhulst aliweka breki rahisi kuliko zote: kasi kwa kila kichwa ipungue kwa mstari ulionyooka kadiri idadi inavyopanda, hadi ifike sifuri kwenye kikomo K ambacho mazingira yanaweza kubeba. Ndiyo modeli ya lojistiki:

dN/dt = rN(1 − N/K)

Sasa tuipe kazi. Mwaka 1913 Tor Carlson alipima hamira ikikua, saa kwa saa. Hivi ndivyo ilivyokwenda kuanzia saa ya 0 hadi ya 18:

9.6, 18.3, 29.0, 47.2, 71.1, 119.1, 174.6, 257.3, 350.7, 441.0, 513.3, 559.7, 594.8, 629.4, 640.8, 651.1, 655.9, 659.6, 661.8

Kwanza, usichore N dhidi ya muda. Mkunjo wenye umbo la S unapendeza machoni na unaficha makosa, kwa sababu mikunjo mingi tofauti ina umbo hilo. Chora kasi kwa kila kichwa, yaani ln ya namba ya saa inayofuata ukigawanya kwa ya saa hii, dhidi ya idadi. Kati ya saa ya 6 na ya 7 utapata 0.39. Kati ya 8 na 9, 0.23. Kati ya 10 na 11, 0.09. Nukta za mwanzoni zinayumba kwa sababu idadi ni ndogo na kosa dogo la kipimo linakuwa kubwa, lakini ukizitazama zote pamoja unaona mstari unaoteremka. Breki ya Verhulst ipo.

Pili, tafuta K. Namba za mwisho zinakaribia kutulia, kwa hiyo chukua 665. Tatu, tafuta r. Modeli ya lojistiki inasema kwamba ln((K − N)/N) inashuka kwa mstari ulionyooka kadiri muda unavyokwenda, na mteremko wake ndio r. Saa ya 0: ln(655.4/9.6) = 4.22. Saa ya 8: ln(314.3/350.7) = −0.11. Tofauti ni 4.33 kwa saa 8, kwa hiyo r ni karibu 0.54 kwa saa.

Umetumia nukta mbili na makisio ya K. Sasa jaribu saa ambayo hukuitumia. Kwa saa ya 12 modeli inatoa 603. Carlson alipima 594.8. Kwa saa ya 4 inatoa 75; kipimo ni 71.1. Tofauti ipo, lakini kwa breki iliyo rahisi kiasi hiki hayo ni mafanikio makubwa. Ukipenda, tumia nukta zote 19 na uiachie kompyuta itafute r na K bora. Mimi bado nashauri uanze kwa mkono, kwa sababu kompyuta itakupa r na K hata pale ambapo modeli haifai kabisa.

Hatua ya 5: Futa vipimo

Hii ndiyo zawadi kubwa ya fizikia kwa ikolojia, na wengi huiruka. Pima idadi kwa K na muda kwa 1/r: weka x = N/K na s = rt. Mlinganyo unabaki dx/ds = x(1 − x). Hakuna r, hakuna K. Kwa hiyo hamira inayomaliza safari yake kwa saa 18 na mnyama mkubwa anayechukua miaka 50 wana mkunjo mmoja, kama wote wanafuata lojistiki. Modeli yako ikiwa na vigezo sita, fanya hivi na mara nyingi utabaki na vitatu au vinne, na hivyo ndivyo vinavyoamua tabia. Vingine vilikuwa vipimo tu vya saa na mizani.

Hatua ya 6: Tafuta misawazo, kisha isukume

Msawazo ni pale mabadiliko yanapokuwa sifuri. Lojistiki ina miwili: N = 0 na N = K. Isukume kidogo kila mmoja uone. Ukiweka chembe chache karibu na sifuri, zinaongezeka na kuondoka, kwa hiyo sifuri si thabiti. Ukipunguza kidogo kutoka K, idadi inarudi. K ni thabiti.

Sasa ongeza mvunaji anayechukua kiasi H kila saa: dN/dt = rN(1 − N/K) − H. Uzalishaji mkubwa kabisa ni rK/4, unaopatikana idadi ikiwa nusu ya K. Kwa hamira yetu hiyo ni karibu 90 kwa saa. Rudi kwenye namba za Carlson: ongezeko kubwa zaidi ni 93.4, kati ya saa ya 7 na ya 8, likifuatwa na 90.3. Modeli ilijua.

Vuna 80 kwa saa na utapata misawazo miwili, kwenye 442 na 223. Wa juu ni thabiti, wa chini ni ukingo wa shimo: anza na 230 utapanda, anza na 215 utakwisha. Vuna 95 na hakuna msawazo wowote. Kila mahali idadi inashuka. Kati ya uvunaji wa kudumu na kuteketea kuna tofauti ndogo sana ya H, na mvunaji anayeangalia mavuno yake ya kila siku haoni dalili.

Dalili ipo, ila iko mahali pengine. Bila uvunaji, hamira iliyosukumwa kutoka K inarudi kwa kasi ya 0.54 kwa saa. Ukivuna 80, kasi hiyo ya kurudi inashuka hadi karibu 0.18. Kadiri H inavyokaribia 90, kurudi kunakaribia kusimama. Wanafizikia wanaujua upolepole huu wa kurudi kwenye vitu vinavyokaribia kubadili hali, na leo wanaikolojia wanautafuta kama onyo la mapema. Mwaka 1992 Kanada ilifunga uvuvi wa chewa wa kaskazini kwenye pwani ya Newfoundland baada ya samaki hao kuporomoka. Hesabu ya mavuno ya juu kabisa ilijulikana miaka mingi kabla. Kosa la kukadiria r na K kwa asilimia chache tu linatosha kukupitisha ukingo, kwa hiyo usimshauri yeyote avune kwenye rK/4 kamili.

Hatua ya 7: Ipeleke modeli mahali itakapovunjika

Mwaka 1944 kulungu wa aktiki 29 walishushwa kwenye kisiwa cha St. Matthew katika Bahari ya Bering. Hakukuwa na mbwamwitu. Mwaka 1957 walihesabiwa 1,350. Mwaka 1963 walikuwa 6,000.

Fanya kama ulivyofanya kwa hamira. Kipindi cha kwanza: ln(1350/29) ukigawanya kwa miaka 13 ni 0.295 kwa mwaka. Kipindi cha pili: ln(6000/1350) kwa miaka 6 ni 0.249. Kasi imeshuka kidogo tu. Ukichora kasi hizo dhidi ya wastani wa idadi wa kila kipindi na kunyoosha mstari hadi sifuri, K inakuja kati ya 18,000 na 20,000, kutegemea unavyokokotoa wastani huo. Modeli inakuambia kulungu watapanda taratibu hadi hapo na kutulia.

Mwaka 1966 walihesabiwa 42. Majike 41 na dume mmoja, wala hapakuwa na ndama.

Kilichokosekana kiko kwenye karatasi ya hatua ya 2. Lojistiki inachukulia kwamba chakula kinajirudisha mara moja, kwamba K ni ileile leo na kesho. Lakini kulungu wale waliishi majira ya baridi kwa likeni, kiumbe mfano wa mmea kinachotanda juu ya mawe na udongo, ambayo inaota polepole mno. Walikuwa wanakula akiba ya miaka mingi, si faida ya mwaka. Majira makali ya baridi ya mwishoni mwa 1963 hadi mwanzoni mwa 1964 yalipokuja, akiba haikuwapo. Modeli sahihi hapo inahitaji vitu viwili vinavyobadilika: kulungu na likeni. Ningependa kila anayefundishwa lojistiki aoneshwe kisiwa hiki siku hiyohiyo.

Hatua ya 8: Ongeza mhusika wa pili

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanabaiolojia Umberto D'Ancona alikuwa akichunguza takwimu za masoko ya samaki ya Bahari ya Adriatiki. Katika soko la Fiume (leo Rijeka, Kroatia), sehemu ya papa, taa na samaki wengine mbuai ilikuwa asilimia 11.9 mwaka 1914. Ikapanda hadi 21.4 mwaka 1915, ikafika 36.4 mwaka 1918, kisha ikashuka pole pole hadi 10.7 mwaka 1923. Wakati wa vita wavuvi walivua kidogo. Kwa nini kuacha kuvua kumnufaishe papa kuliko samaki anayeliwa na papa?

Alimpelekea swali hilo Vito Volterra, mwanahisabati-fizikia aliyekuja kuwa mkwewe. Mwaka 1926 Volterra alitoa jibu, akiwaza samaki wakikutana kama molekuli za gesi zinavyogongana: idadi ya kukutana inalingana na x mara y. Alfred Lotka, aliyetokea kwenye kemia na fizikia, alikuwa ameshafika kwenye milinganyo hiyohiyo:

dx/dt = ax − bxy
dy/dt = −my + cxy

Hapa x ni mawindo na y ni mbuai; a ni kasi ya mawindo kuzaana, m ni kasi ya mbuai kufa, na b na c zinapima kila kukutana kunawapunguza mawindo na kuwaongeza mbuai kiasi gani. Idadi zao zinazunguka, mbuai wakimfuata mawindo kwa kuchelewa. Sasa fuata hatua hii moja taratibu. Gawanya mlinganyo wa pili kwa y: upande wa kushoto unakuwa kasi ya mabadiliko ya ln y. Mzunguko ukikamilika, ln y imerudi ilipoanza, kwa hiyo wastani wa mabadiliko yake ni sifuri. Basi wastani wa cx lazima uwe sawa na m, yaani wastani wa mawindo ni m/c. Kwa njia hiyohiyo, wastani wa mbuai ni a/b.

Tazama: wastani wa mawindo hautegemei uzazi wao wenyewe. Unategemea vifo vya mbuai. Leta wavuvi wanaochukua sehemu f ya kila aina. Vifo vya mbuai vinakuwa m + f, na uzazi wa mawindo a − f. Wastani wa mawindo unapanda hadi (m + f)/c, wa mbuai unashuka hadi (a − f)/b. Acha kuvua na mambo yanageuka, kama soko la Fiume lilivyoonesha. Hesabu hiyohiyo inaonya kwamba dawa inayoua mdudu mharibifu pamoja na mbuai wake inaweza kumwongeza mharibifu.

Lakini usiipende modeli hii kupita kiasi. Mizunguko yake ni dhaifu: ongeza breki ndogo ya Verhulst kwa mawindo na mizunguko inafifia hadi kutulia. Matokeo yanayotoweka kwa badiliko dogo kama hilo yanahitaji ushahidi zaidi kabla ya kuaminiwa. Kwa hiyo kila unapopata matokeo yanayokufurahisha, badilisha umbo la kipengele kimoja uone kama yanabaki.

Hatua ya 9: Angalia saa

Wadudu wengi huzaa mara moja kwa mwaka, kisha wazazi hufa. Kwao tumia hatua badala ya mtiririko: x ya mwakani = R·x·(1 − x), ambapo x ni idadi kama sehemu ya kiwango cha juu kabisa na R ni kipimo cha kuzaana. Andika fomula hiyo kwenye Excel na uivute chini safu 50. R ikiwa 2.8, idadi inatulia kwenye 0.643. Kwa R = 3.2 inarukaruka kati ya 0.513 na 0.799 bila kukoma. Kwa R = 3.9 anzisha safu mbili, moja 0.400 na nyingine 0.401, na ndani ya hatua kama 20 hazifanani tena.

Robert May, Mwaustralia aliyesomea fizikia ya nadharia, aliieleza tabia hii kwa wanaikolojia mwaka 1976. Somo lake kwa anayepima ni zito: idadi inayoyumba ovyo haithibitishi kwamba hali ya hewa au ugonjwa ndio unaoiyumbisha. Kanuni isiyo na bahati nasibu hata chembe inaweza kufanya hivyo.

Hatua ya 10: Wakiwa wachache, rusha kete

Milinganyo yote hapo juu inaruhusu nusu ya mnyama. Kwa mamilioni si neno, kwa wanyama 10 ni kosa. Kama kila mmoja anazaa kwa kasi ya 0.6 na kufa kwa kasi ya 0.4, wastani unapanda, lakini uwezekano wa ukoo mzima kupotea ni (0.4/0.6) kipeo cha idadi ya walioanza. Kwa mmoja ni 0.67. Kwa watano, 0.13. Kwa kumi, 0.017. Anayepanga kurudisha wanyama porini ajibiwe kwa namba hizi, si kwa wastani.

Hatua ya 11: Watandaze ardhini

Kama viumbe vinatangatanga bila mwelekeo, vinasambaa kama wino kwenye maji, kwa kiwango D. Ukiunganisha na kuzaliana kwa r, unapata wimbi linalosonga kwa kasi ya 2√(rD). Matokeo hayo yalitolewa mwaka 1937, na R. A. Fisher upande mmoja, Kolmogorov na wenzake upande mwingine. Mwaka 1951 J. G. Skellam alichukua ramani za muskrati, mgugunaji wa majini kutoka Amerika Kaskazini aliyeachiwa karibu na Prague mwaka 1905, akachora kipeuo cha pili cha eneo walilolitwaa dhidi ya miaka. Mstari ulinyooka, kama wimbi linavyotaka.

Hesabu hiyohiyo inatoa ukubwa mdogo kabisa wa hifadhi. Kama wanaotoka nje ya ukanda wanakufa, ukanda lazima uwe na upana usiopungua π√(D/r). Kwa D ya kilomita mraba 1 kwa mwaka na r ya 0.25 kwa mwaka, ni kilomita 6.3. Chini ya hapo wanavuja kupitia mipakani haraka kuliko wanavyozaliwa, hata kama chakula ni tele.

Hatua ya 12: Andika utabiri kabla ya kupima

Kabla ya kugusa data mpya, andika kwenye karatasi yako ya hatua ya 2 ni matokeo gani yatakufanya uitupe modeli. Kwa hamira ya Carlson ningeandika hivi: nikianza na hamira mara mbili, 19.2 badala ya 9.6, kikomo kibaki palepale 665, ila nusu ya safari ifike saa ya 6.5 badala ya 7.8. Nikiongeza sukari mara mbili, mwanzo usibadilike na kikomo kipande, isipokuwa kama kinachoizuia hamira ni pombe inayojaa chupani; hapo kikomo kitapanda kidogo au kisipande kabisa. Kisha weka chupa mbili, pima kila saa, na nusu ya safari isipofika kati ya saa ya 6 na ya 7, rudi kwenye karatasi ile utafute ulichokifuta.